Waya Mmoja Sebuleni: Kuhamisha Mafaili Mazito Kati ya Kompyuta Mbili za Nyumbani

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Ukijumlisha na send-off, kitchen party na kipaimara, mwezi mmoja wa msimu huniachia GB 240 za klipu kwenye laptopu kuukuu ninayobeba ukumbini. Zote lazima zifike kwenye kompyuta ya mezani, hapa hapa sebuleni kwangu Tabata, ndipo nianze kazi. Kati ya mashine hizo mbili ni hatua nne tu. Kwa miaka miwili hatua hizo nne nilizivuka na flashi ya GB 32: jaza, chomoa, chomeka, mwaga, rudi tena. Kunakucha bado nahamisha.

Wapo wanaopakia mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni, halafu wanayashusha upande wa pili. Yaani klipu inatoka sebuleni, inavuka bahari, inarudi sebuleni, na bando umelilipia kupanda na kushuka. Kwa faili la MB 200 sikukatazi. Kwa GB 240 ni kuchoma hela.

Njia ninayoitumia sasa ni waya wa mtandao uliochomekwa moja kwa moja kutoka kompyuta hii kwenda ile. Hauhitaji ruta wala bando, na hata intaneti ikiwa imekata kazi inaendelea. Nimeandika kwa kufuata Windows 10 na 11 kwa sababu ndizo zilizojaa majumbani. Wenye Mac na Linux nimewawekea aya yao huko chini.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo namba ya kwenye boksi igawe kwa 8, kisha punguza kidogo kwa ajili ya mizigo ya njiani.

Waifai ya nyumbani kwangu, ile ya 2.4 GHz inayogombania hewa na ruta za majirani wote wa ghorofa, hunipa kama MB 5 kwa sekunde. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai hali huwa mbaya zaidi, maana kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili: laptopu kwenda kwenye ruta, ruta kwenda kwenye kompyuta. GB 240 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 13. Waya wa mtandao wa megabiti 100 hutoa kama MB 11 kwa sekunde, yaani saa 6. Waya wa gigabiti moja hufika hadi MB 110 hivi, na mzigo ule ule unamalizika kwa dakika zisizozidi 40, kama diski zako zinaweza kuufuata. Ya kwangu haiwezi. Laptopu ina diski ya zamani ya kuzunguka inayosoma MB 80 kwa sekunde, kwa hiyo nahamisha kwa dakika 50. Silalamiki.

Hatua ya 1: Kagua matundu

Tazama ubavuni mwa laptopu na nyuma ya kompyuta ya mezani. Unatafuta tundu la mraba linalofanana na la simu ya mezani, ila pana kidogo. Kompyuta za mezani karibu zote zinalo. Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi hazina, na hapo utahitaji adapta ya kuchomeka kwenye USB.

Kwenye adapta watu wanaibiwa mchana kweupe. Boksi limeandikwa USB 3.0 kwa herufi kubwa, ukifungua kilichomo ni megabiti 100. Tafuta maandishi 10/100/1000. Hiyo 1000 isipokuwepo, rudisha. Pia ichomeke kwenye tundu la USB la kasi, ambalo mara nyingi ndani ni la buluu. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 itafanya kazi, lakini usitegemee zaidi ya MB 30 na kitu kwa sekunde.

Hatua ya 2: Nunua waya, na uukague pale pale dukani

Mimi nilikwenda Kariakoo. Muuzaji alinitolea waya wa kijivu, mrefu, umefungwa vizuri kwa kamba.

“Chukua huu dada, unakimbia balaa.”

“Ni Cat ngapi, kaka?”

“Zote ni zile zile tu, dada yangu.”

Si zile zile. Cat ni daraja la waya. Kwenye ganda la waya kuna maandishi madogo yaliyochapwa urefu wote, na unataka uone Cat5e au Cat6. Kisha geuza kile kichwa cha plastiki angavu ukielekeze kwenye mwanga na uhesabu nyaya za rangi zilizopangwa ndani. Lazima ziwe nane: chungwa, kijani, buluu, kahawia, na kila moja na mwenzake mwenye mistari myeupe. Ule wa muuzaji wangu ulikuwa na nne. Waya wa nyaya nne utawasha taa na utapeleka mafaili, ila kwa megabiti 100 tu, kwa sababu gigabiti hutumia jozi zote nne. Ningerudi nyumbani nikalaumu kompyuta bure.

Nilipomwonyesha alicheka, akaingia nyuma, akatoka na Cat6 ya mita tano. Urefu huo unatosha sebule yoyote. Usijali wakikuuliza kama unataka waya wa kuvusha, ule wa kuunganisha kompyuta kwa kompyuta. Vifaa vya gigabiti hujipanga vyenyewe, waya wa kawaida unafaa.

Kitu kimoja usinunue hata ukipewa bure: waya wa USB wenye vichwa vipana vinavyofanana pande zote mbili, wa kuchomeka kompyuta mbili moja kwa moja. Kila kompyuta inatoa umeme kwenye tundu lake, na ukizigonganisha namna hiyo unaweza kuunguza tundu, au zaidi.

Hatua ya 3: Unganisha

Chomeka pande zote mbili mpaka usikie “tik”. Taa ndogo kando ya tundu zitawaka. Kama nyumba ina watoto, pitisha waya ukutani na uubandike kwa gundi ya karatasi. Mpwa wangu aliuruka mara tatu vizuri, mara ya nne akatua juu yake na laptopu ikavutwa hadi ukingoni mwa meza.

Sasa fungua “Settings”, kisha “Network & internet”, kisha “Ethernet”. Tafuta mstari wa “Link speed”. Ukisoma 1000/1000, waya wako ni mzima. Ukisoma 100/100, tatizo ni waya, adapta, au tundu la kompyuta yenyewe ni la zamani. Litatue sasa, usisubiri mpaka uwe katikati ya kazi.

Hatua ya 4: Zipe kompyuta anwani

Ruta ndiyo kwa kawaida inayogawa anwani za mtandao. Hapa hakuna ruta, kwa hiyo utazigawa wewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Bofya kulia kwenye “Ethernet”, chagua “Properties”, bofya mara mbili “Internet Protocol Version 4”, kisha chagua “Use the following IP address”.

Kwenye laptopu, ambako mafaili yanatoka, jaza:

192.168.50.1

Kwenye kompyuta ya mezani, ambako yanakwenda, jaza:

192.168.50.2

Kwenye “Subnet mask” pande zote mbili weka 255.255.255.0. Sehemu ya “Default gateway” iache tupu. Nimechagua 50 hapo katikati kwa sababu ruta nyingi za nyumbani hutumia 0, 1, 8 au 100. Ukichukua namba ya ruta yako, kompyuta itachanganyikiwa haijui ipite wapi, waya au waifai.

Halafu kuna mtego ambao ulinila jioni nzima. Windows ikiona mtandao usio na ruta huuita “Unidentified network” na kuuweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kana kwamba umekaa kituo cha mwendokasi. Kwenye kundi hilo inafunga milango yote ya kushirikisha mafaili. Kila kitu umefanya sawa, lakini kompyuta hazionani. Dawa yake: bofya kulia kitufe cha Start, chagua Terminal au PowerShell ile yenye neno Admin, kisha andika:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private

Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili. Kama unatumia adapta, jina linaweza kuwa “Ethernet 2” au 3. Liandike kama lilivyo kwenye lile dirisha la ncpa.cpl. Ukizima na kuwasha kompyuta, huenda ukalazimika kuiandika tena amri hiyo.

Hatua ya 5: Fungua folda kwa mgeni wa kusoma tu

Unaweza kusukuma mafaili kutoka laptopu au kuyavuta ukiwa kwenye kompyuta ya mezani. Mimi huvuta, tena kwa ruhusa ya kusoma peke yake, ili hata vidole vikiteleza nisiweze kufuta kitu upande wa asili.

Windows haikubali mtu aingie kwa njia ya mtandao na akaunti isiyo na neno la siri, na ile PIN ya tarakimu nne haihesabiki. Badala ya kuhangaika na akaunti yako, tengeneza ya muda. Kwenye laptopu, katika dirisha lile lile la Admin, andika:

net user kopi Chapati2468 /add

Jina la akaunti ni kopi, neno la siri ni hilo linalofuata. Weka la kwako.

Sasa bofya kulia folda yenye klipu, “Properties”, “Sharing”, “Share”. Andika kopi, bofya “Add”, hakikisha pembeni pameandikwa “Read”, kisha “Share”. Windows ikikuuliza kama iwashe kushirikisha mafaili, iruhusu kwa mitandao ya faragha tu.

Nenda kwenye kompyuta ya mezani, fungua folda yoyote, na kwenye ule mstari wa anwani juu andika:

\\192.168.50.1

Utaulizwa jina na neno la siri. Jaza, na folda itatokea kama imo ndani ya mashine hiyo hiyo. Ikikataa jina, liandike ukitanguliza jina la laptopu na mkwaju wa kurudi nyuma, mfano LAPTOPU\kopi. Isipotokea kabisa, andika ping 192.168.50.1 kwenye dirisha la amri (ile Terminal au PowerShell). Ukijibiwa “Reply from”, njia ni nzima na kosa liko kwenye ruhusa. Usipojibiwa, rudi kwenye anwani na ule mtego wa hatua ya 4.

Hatua ya 6: Hamisha, lakini usitumie “Cut”

Hili sitalipita haraka, nina kovu lake.

Zamani nilikuwa natumia “Cut” kwa sababu nilitaka laptopu ibaki tupu kwa shughuli ya Jumamosi. Siku moja saa nne usiku, mzigo ukiwa njiani, umeme ulikatika. Laptopu ilibaki hai kwa betri, kompyuta ya mezani ilizimika. Umeme uliporudi nilikuta klipu kadhaa zimeshafutwa upande wa laptopu, na upande wa pili zina majina na ukubwa wake sawa, ila hazichezi. Zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hazijaandikwa kwenye diski sawasawa. Moja ilikuwa ya maharusi wakilishana keki. Shangazi wa bibi harusi alipoiona video alikaa kimya hadi mwisho, kisha akauliza: “Mwanangu, kwani keki ililiwa na nani?” Nilirudisha sehemu ya hela.

Basi: “Copy”, siku zote. Kufuta utafuta kwa mkono, baadaye.

Unaweza kuburuta folda kwa kipanya, na kwa mafaili machache inatosha. Kwa mzigo mkubwa natumia robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tayari, hulipii wala hupakui. Kwenye kompyuta ya mezani fungua dirisha la amri la kawaida, safari hii bila Admin, ili litambue mlango ulioufungua hivi punde, kisha andika, kwa mfano:

robocopy "\\192.168.50.1\Harusi" "D:\Harusi" /E /J /R:3 /W:5

/E inachukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. /J inafaa kwa mafaili makubwa, haipitishi kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda. /R:3 na /W:5 maana yake faili likigoma, jaribu mara tatu, ukipumzika sekunde tano kila mara. Usipoyaweka hayo mawili, robocopy kwa asili yake hujaribu mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara. Utaikuta imeganda kwenye klipu moja mbovu mpaka Pasaka.

Uzuri wake mkubwa kwa mji wetu huu ni kwamba ukikatikiwa, unairudia amri ile ile. Inayaruka yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Faili lililokuwa njiani ndilo litaanza upya. Kama faili lako moja lina GB 60 na hutaki kulianza upya, ongeza /Z, ambayo huendelea pale lilipoishia, ila mwendo hupungua.

Ukitafuta maelezo ya robocopy utakutana na /MIR na /MOVE. Kaa nazo mbali. /MIR hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, na /MOVE ni ile ile “Cut” yangu ya keki, imevaa koti jingine.

Kabla ya kubonyeza Enter: chomeka chaja, zima ile ya kulala kwenye “Power”, usifunge kifuniko cha laptopu, na uiweke mezani, si juu ya godoro. Joto la Februari pamoja na diski inayosoma saa nzima bila kupumua si mchezo. Angalia pia Luku imebaki uniti ngapi. Mimi nimewahi kukatikiwa kwa uzembe wangu mwenyewe, nikawasingizia mafundi wa nguzo.

Hatua ya 7: Hakiki

Robocopy ikimaliza inatoa jedwali dogo. Tazama safu ya “FAILED”. Inatakiwa iwe 0 mstari mzima.

Kisha bofya kulia folda zote mbili, ya kule na ya huku, ufungue “Properties”. Idadi ya mafaili ilingane, na namba ya “Size” ilingane hadi baiti ya mwisho. Ile ya “Size on disk” ipuuze, hutofautiana kutokana na namna kila diski ilivyopangwa.

Kwa klipu ambazo hazirudiwi, kama kiapo, nahakiki kwa alama ya kidijitali. Kwenye kila kompyuta, ndani ya folda husika, andika:

certutil -hashfile kiapo.mp4 SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ikiwa mistari ya pande mbili inafanana, faili ni lile lile bila tofauti ya hata biti moja. Baada ya hapo bado nafungua klipu tano sita na kuzirusha katikati. Na ya kwenye laptopu siifuti mpaka nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje.

Kama kompyuta ziko nyumba tofauti

Waya haufiki Mbagala. Hapo tumia diski ya nje, yenye USB 3.0, na usitumie flashi ya bei chee ambayo huandika MB 8 kwa sekunde halafu inapata moto.

Angalia imepangwa kwa mfumo gani. Ikiwa ni FAT32, haitapokea faili moja linalofika GB 4, hata kama ina GB 500 tupu, na Windows itakwambia faili ni kubwa mno. Wengi hudhani diski imeharibika. (Kamera nyingi za kadi ndogo hukata klipu kwenye GB 4 kwa sababu hiyo hiyo.) Hamisha kilichomo, kisha bofya kulia diski, “Format”, chagua exFAT. Inasomeka kwenye Windows na Mac. Ukimaliza kunakili, itoe kwa “Eject”, usiinyofoe.

Mac na Linux

Kwenye Mac anwani unaiweka katika “System Settings”, “Network”. Ukiwa kwenye Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.50.1, na utaifikia folda ya Windows kwa jina na neno la siri lile lile. Kati ya Linux mbili zenye SSH (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao), amri ya kunakili rsync -avP inatosha. Herufi P huonyesha mwendo na kuhifadhi kipande kilichofika mkikatikiwa.

Hatua ya 8: Funga ulichofungua

Kwenye laptopu, bofya kulia folda, rudi “Sharing”, “Advanced Sharing”, na uondoe tiki. Kisha ondoa yule mgeni:

net user kopi /delete

Mwisho rudi ncpa.cpl kwenye kompyuta zote mbili na uchague “Obtain an IP address automatically”. Ukisahau hilo, siku utakayochomeka waya kutoka kwenye ruta intaneti haitaingia, na utampigia fundi aje kutoka Ubungo kukubonyezea kitufe kimoja.